Ingizo, Uchakataji na Towe: Istilahi za Sehemu za Roboti katika Ufundishaji kwa Kiswahili, kwa Mifano ya Misungwi

Ikisiri

Makala haya yanafafanua istilahi anazozihitaji mwalimu ili kumfundisha mwanafunzi, kwa Kiswahili, sehemu za roboti na namna taarifa zinavyoingia katika mashine hiyo, zinavyochakatwa na kuzaa matendo. Istilahi zinazochunguzwa ni roboti, ingizo, kihisi, uchakataji, towe na mrejesho. Mifano inatokana na shughuli za Wilaya ya Misungwi na maeneo jirani ya Ziwa Viktoria. Hoja kuu ni kwamba sarufi ya Kiswahili, hususani minyambuliko ya kitenzi, upatanisho wa kisarufi na viambishi vya masharti, humlazimisha msemaji aseme ni nani anayetenda na nini kinachotendwa. Ulazima huo ni nyenzo ya kufundishia, kwa sababu humsaidia mwanafunzi kutofautisha kile ambacho roboti hufanya na kile ambacho mtu hudhani roboti inakifanya. Makala yanapendekeza istilahi za kushikiliwa, yanabainisha mipaka ya kila moja, na yanatoa utaratibu wa somo moja linalozitumia.

1.0 Utangulizi

Roboti ni mashine inayopokea taarifa kutoka katika mazingira yake, inayozichakata kwa kufuata programu, kisha inayotenda jambo katika mazingira hayohayo. Fasili hii ina vitenzi vitatu: kupokea, kuchakata na kutenda. Mwanafunzi anayeijua roboti ni yule anayeweza kuvihusisha vitenzi hivyo na sehemu za mashine iliyo mbele yake, akaonesha ipi inapokea, ipi inachakata na ipi inatenda. Anayetaja majina ya sehemu bila kuonesha uhusiano huo amekariri orodha tu.

Kwa mwalimu anayefundisha kwa Kiswahili, kazi hiyo ina ugumu wa kiistilahi. Baadhi ya dhana zina majina mawili au matatu yanayoshindana. Nyingine zina jina moja ambalo tayari lina maana nyingine katika maisha ya kila siku. Nyingine hazina jina lililozoeleka, na mwalimu hulazimika kutohoa neno la Kiingereza papo hapo. Suala hili si la wanaistilahi peke yao. Katika shule nyingi za msingi za serikali nchini Tanzania Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia, ilhali katika sekondari lugha hiyo ni Kiingereza. Mtoto wa Misungwi ambaye alianza na Kisukuma nyumbani hufika kidato cha kwanza akiwa amebeba dhana alizozipata kwa Kiswahili. Ikiwa dhana hizo ni thabiti, atakachojifunza ni majina mapya ya mambo anayoyajua. Ikiwa alichobeba ni maneno matupu, atapoteza mara mbili: hatakuwa na dhana kwa Kiswahili, wala hatakuwa na pa kuyaegeshea maneno ya Kiingereza.

Uundaji wa istilahi za sayansi kwa Kiswahili si jambo jipya. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1967, na iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zimefanya kazi hiyo kwa miongo kadhaa. Tumbo-Masabo na Mwansoko walitoa mwongozo wa uundaji wa istilahi mwaka 1992. Katika uwanja wa kompyuta, mradi wa Kilinux ulitoa mwaka 2004 programu za ofisi zenye kiolesura cha Kiswahili, zilizoitwa Jambo OpenOffice. Kazi hizo zimetuachia akiba kubwa ya maneno. Makala haya hayakusudii kuongeza orodha nyingine. Yanachukua maneno machache yaliyopo na kuuliza: likitamkwa mbele ya darasa, neno hili linamwambia nini mwanafunzi kuhusu jinsi roboti inavyofanya kazi?

Misungwi imechaguliwa kwa sababu shughuli za wilaya hiyo na jirani zake zina msamiati wa Kiswahili unaohusu vitu kuingia, kubadilishwa na kutoka. Kilimo cha pamba, utafiti wa kilimo unaofanywa Ukiriguru, uvuvi, viwanda vya kuchakata samaki jijini Mwanza na usafiri wa ziwani ni baadhi ya shughuli hizo. Msamiati huo ni mtaji. Hata hivyo, kama itakavyooneshwa, ni mtaji unaohitaji kutumiwa kwa uangalifu.

2.0 Roboti: Neno, Umbo na Upatanisho

Neno hili liliingia katika lugha za dunia kupitia tamthiliya ya R.U.R. ya mwandishi wa Kicheki Karel Čapek, iliyochapishwa mwaka 1920. Čapek mwenyewe alieleza kwamba aliyelipendekeza ni kaka yake, Josef. Mzizi wake ni neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya kulazimishwa, ile ambayo Kiswahili kinaiita shokoa. Inafaa kukumbuka kwamba roboti wa Čapek hawakuwa mashine za chuma, bali viumbe waliotengenezwa kiwandani kwa mfano wa binadamu. Maana ya sasa, ya mashine yenye kupokea taarifa na kutenda kwa programu, ilijengeka baadaye.

Kiswahili kimelitohoa neno hilo kwa kanuni zake za kawaida. Kwa kuwa silabi ya Kiswahili hupendelea kuishia na irabu, konsonanti ya mwisho hupewa irabu ya kuiegemeza. Baada ya sauti za midomo irabu hiyo mara nyingi huwa u, kama katika programu, albamu na klabu. Baada ya t mara nyingi huwa i, kama katika tiketi na soketi. Kwa hiyo roboti ni umbo linalotarajiwa, na mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama ilivyo kwa maneno mengine ya lugha hii. Halina tatizo la kimofolojia.

Tatizo liko katika upatanisho. Je, tuseme roboti anatembea au roboti inatembea? Matumizi yote mawili husikika. Kanuni ya jumla ni kwamba nomino za viumbe hai, wawe watu au wanyama, huchukua upatanisho wa A-WA hata pale umbo lake linapokuwa la ngeli nyingine: kiboko anaogelea, samaki wamevuliwa, kijana amefika. Kinyume chake, kitu kisicho hai hupewa upatanisho huo kinapohuishwa katika masimulizi, kama pale mti unapomjibu mwindaji katika ngano. Kisukuma nacho ni lugha ya Kibantu yenye ngeli ya watu, kwa hiyo mtoto wa Misungwi huja darasani akiwa na uzoefu wa kutenganisha mtu na kitu kwa njia ya sarufi.

Tulinganishe sentensi mbili zinazoeleza tukio moja:

(1) Roboti ameuona ukuta, akaogopa kugonga, akasimama.

(2) Roboti imepokea mwangwi kutoka ukutani, programu imelinganisha umbali na kiwango kilichowekwa, na mota zimesimama.

Sentensi ya (1) ni ya hadithi. Ina mtendaji mmoja mwenye macho, hofu na uamuzi. Sentensi ya (2) ni ya kisayansi. Ina watendaji watatu, yaani sehemu tatu za mashine, na kila mmoja ana kitenzi chake. Mabadiliko ya upatanisho kutoka a- kwenda i- hayakuleta tofauti hiyo yote peke yake, lakini yaliifungulia njia. Tukishasema roboti imesimama, tunajikuta tunauliza imesimamishwa na nini.

Kwa sababu hiyo, makala haya yanapendekeza kwamba katika maelezo ya kufundishia roboti ipatanishwe katika I-ZI. Pendekezo hili halimaanishi kwamba mwanafunzi anayesema roboti amegonga ukuta amevunja sarufi. Amefanya jambo ambalo lugha inaliruhusu: amehuisha kitu kinachojongea chenyewe. Mwalimu anaweza kuitumia sentensi hiyo kuwa mwanzo wa mjadala kwa kumtaka mwanafunzi aiandike upya akitaja sehemu badala ya roboti nzima. Zoezi hilo la sarufi huwa pia zoezi la sayansi.

3.0 Ingizo: Nani Anayeingiza?

Istilahi iliyozoeleka zaidi kwa kile kinachoingia katika kompyuta ni ingizo. Imeundwa kutokana na kitenzi ingiza kwa kuongeza kiambishi tamati -o, ambacho huunda nomino za tokeo au zao la tendo, kama wazo kutokana na waza na pendekezo kutokana na pendekeza. Ni fupi, inanyambulika, na inalingana na vifaa vya kuingizia, kama kibodi na kipanya. Kwa vigezo vya wanaistilahi, vikiwamo vile vya Kiingi vinavyojulikana kwa jina la PEGITOSCA, ni istilahi nzuri.

Hata hivyo, ingiza ni kauli ya kutendesha ya ingia. Kauli hiyo humdai mtendaji: pakiwa na kuingiza, pana anayeingiza. Kwa kompyuta ya mezani dai hilo linatimizwa bila shida, kwa kuwa mtu aliyeketi mbele ya kibodi ndiye anayeingiza data. Kwa roboti hali ni tofauti. Roboti inayojongea sakafuni hupokea mwanga, joto, mguso na mwangwi bila mtu yeyote kuingiza chochote. Ukuta hauingizi umbali wake ndani ya roboti. Upo tu, na mashine ndiyo inayoupima.

Kiswahili kinatoa vitenzi vinavyoweza kuitenganisha hali hii: kuingia, kuingiza, kuingizwa na kupokea. Mwanafunzi anayebonyeza kitufe cha kuiwasha roboti ameingiza amri. Mwanga unaoangukia kihisi umeingia, nayo roboti imeupokea. Pendekezo ni kulibakiza neno ingizo liwe jina la jumla, kwa kuwa limekwisha kuenea, lakini kuchagua kitenzi kwa makini wakati wa kueleza. Kwa mtu tuseme kuingiza. Kwa kihisi tuseme kupokea. Mwanafunzi akiishika tofauti hiyo, ameshika mojawapo ya tofauti kubwa kati ya kompyuta inayosubiri kuambiwa na roboti inayofuatilia mazingira.

Kuna neno jingine ambalo mwalimu wa Misungwi angeweza kuvutiwa nalo, nalo ni pembejeo. Mkulima wa pamba analijua vizuri: mbegu, mbolea na viuatilifu ni pembejeo, na kinachotoka shambani ni mazao. Jozi ya pembejeo na mazao ni ya Kiswahili hasa, imo midomoni mwa watu, na inaonesha uhusiano wa kinachowekwa na kinachopatikana. Kwa nini basi isitumike kwa roboti?

Sababu ni ya kisemantiki. Pembejeo hutumika na kwisha. Mbegu ikishafukiwa haiwezi kupandwa mara ya pili, na mbolea ikishanyonywa na mmea imekwenda. Pembejeo pia hununuliwa, na upungufu wake ni hasara. Ingizo la roboti ni taarifa. Kipimo kimoja cha joto kinaweza kuhifadhiwa, kunakiliwa na kutumiwa na sehemu tatu tofauti za programu bila kupungua. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba ingizo ni pembejeo anaweza kuelewa kwamba ingizo la roboti ni betri, kwa kuwa betri ndiyo inayowekwa, inayotumika na kwisha. Kosa hilo lina mantiki yake: betri ni chanzo cha nishati, na nishati huingia kweli. Ndiyo maana mwalimu anapaswa kutenganisha mapema mambo mawili yanayoingia katika roboti, yaani nishati na taarifa. Kwa nishati, mfano wa pembejeo unafaa kabisa. Kwa taarifa, haufai.

4.0 Kihisi, Kitambuzi na Sensa

Sehemu inayopokea taarifa kutoka katika mazingira imepewa majina kadhaa. Matatu yanastahili kupimwa: sensa, kitambuzi na kihisi.

Neno sensa, kama utohozi kutoka Kiingereza, lina kikwazo kilicho wazi. Mtanzania anaposikia sensa anafikiria Sensa ya Watu na Makazi, ambayo ya karibuni ilifanyika Agosti 2022. Homonimia si kosa katika lugha, na muktadha mara nyingi huondoa utata. Lakini istilahi inayofundishwa kwa mara ya kwanza kwa watoto haina muktadha bado. Yenyewe ndiyo inayopaswa kuujenga.

Neno kitambuzi linafuata mtindo ambao umekwisha kukubalika. Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya televisheni ya analojia jijini Dar es Salaam mwishoni mwa Desemba 2012, maneno king'amuzi na kisimbuzi yalienea hadi madukani. Umma ulionesha kwamba uko tayari kupokea majina ya vifaa yaliyoundwa kwa ki- na -i kutokana na vitenzi vya Kiswahili. Tatizo la kitambuzi ni maana ya kitenzi chake. Kutambua ni kujua kwamba kitu hiki ni kile: kumtambua mtu, kutambua kosa. Kifaa kinachopima mwanga hakitambui chochote. Hutoa volteji inayobadilika kadiri mwanga unavyobadilika, basi. Kutambua kwamba volteji hiyo ina maana ya usiku ni kazi ya programu. Tukikiita kifaa hicho kitambuzi, tumehamisha kazi ya uchakataji na kuipeleka mlangoni.

Neno kihisi nalo lina kasoro yake. Kuhisi ni kupata hisia, na pia ni kushuku au kukisia. Mwanafunzi anaweza kudhani kwamba roboti ina hisia. Lakini kasoro hii ni ndogo kuliko ile ya kitambuzi, kwa sababu kuhisi hakudai ujuzi. Mtu anaweza kuhisi joto kabla hajajua linatoka wapi. Hatua hiyo ya awali, ya mguso bila tafsiri, ndiyo kazi ya kifaa tunachokizungumzia. Kwa hiyo kihisi ni istilahi inayoiweka sehemu hii mahali pake katika mfuatano wa kazi.

Kuna msaada mwingine ambao mwalimu anaupata bila gharama. Katika masomo ya sayansi ya shule ya msingi, macho, masikio, pua, ulimi na ngozi huitwa milango ya fahamu. Sitiari ya mlango ni sitiari ya ingizo: kuna nje, kuna ndani, na kuna mahali ambapo habari hupita. Vihisi vya roboti vinaweza kuelezwa kuwa ndiyo milango yake, mradi ifafanuliwe kwamba fahamu haipo ndani ya mlango. Mfano wa popo unafaa hapa. Popo hutoa sauti na kusikiliza mwangwi wake ili kujua kilicho mbele. Kihisi cha umbali kinachotumia mawimbi ya sauti hufanya jambo linalofanana nalo. Sauti husafiri hewani kwa takribani mita 340 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 0.002, sauti imesafiri mita 0.68 kwenda na kurudi, kwa hiyo kizuizi kiko umbali wa sentimita 34. Kihisi hutoa muda. Hesabu ya umbali hufanywa na kichakataji. Mwanafunzi anayeifanya hesabu hiyo kwa kalamu ameifanya kazi ya kichakataji yeye mwenyewe, na hatavichanganya tena viwili hivyo.

5.0 Uchakataji: Kutoka Kiwandani hadi Kwenye Programu

Kitenzi chakata kilikuwa na maana ya kuponda au kukatakata kitu hadi kibadilike, kabla hakijapewa kazi katika istilahi za kompyuta. Kwa wakazi wa Mwanza kitenzi hiki kina maana hai ya kiuchumi, kwa kuwa viwanda vinavyotayarisha sangara kwa ajili ya soko la nje huitwa viwanda vya kuchakata samaki. Samaki mzima huingia. Hutoka minofu, mabondo na mapanki. Vivyo hivyo katika kiwanda cha kuchambua pamba, pamba mbegu huingia na nyuzi hutengana na mbegu. Mifano hii inamfundisha mwanafunzi jambo la msingi: ingizo moja linaweza kuzaa matokeo kadhaa, na kinachoamua ni utaratibu ulio katikati.

Hata hivyo mfano wa kiwanda unaishia mahali fulani. Kiwanda humfanyia kila samaki jambo lilelile. Programu ya roboti huchagua. Ikipokea hali hii, inafanya hili. Ikipokea hali ile, inafanya lile. Uchaguzi huo ndio moyo wa uchakataji, na hapa sarufi ya Kiswahili ina zana ambayo haijatumiwa vya kutosha. Kiambishi -ki- cha masharti, ukanushi wake -sipo-, na dhamira tegemezi vinatosha kuandika kanuni nzima ya roboti kwa sentensi moja:

(3) Umbali ukiwa chini ya sentimita 20, mota zisimame, usipokuwa, ziendelee.

Sentensi hii ina sharti, ina amri ya sharti likitimia na ina amri ya sharti lisipotimia. Ndiyo muundo ambao lugha za programu huuandika kwa maneno yao maalumu. Mwanafunzi anayejua kunyambua ukiwa na usipokuwa tayari anao uwezo wa kufikiri kwa utaratibu huo. Inafaa pia kuitofautisha -ki- na -nge-. Sentensi isemayo umbali ungekuwa chini ya sentimita 20, mota zingesimama inaeleza hali ya kufikirika. Haiwezi kuwa amri kwa mashine, kwa sababu haiachi nafasi ya kupima kama sharti limetimia. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa sayansi wana sababu nzuri ya kushirikiana katika kipindi hiki.

6.0 Towe, Tendo na Mrejesho

Kwa kile kinachotoka, maneno yaliyopendekezwa au kutumika ni pamoja na toleo, tokeo, zao na towe. Toleo limekwisha kushikwa na uchapishaji: toleo la kwanza la kitabu, toleo la jarida. Tokeo, na hasa wingi wake matokeo, kwa mwanafunzi humaanisha kwanza matokeo ya mtihani. Zao limo katika kilimo, na lina udhaifu uleule wa pembejeo. Linabaki towe, ambalo yaelekea limeundwa kutokana na toa kwa kiambishi tamati -e. Kiambishi hicho hubeba dhana ya kilichotendwa, kama katika mtume, yule aliyetumwa, kiumbe, yule aliyeumbwa, na mteule, yule aliyeteuliwa. Towe basi ni kilichotolewa. Huenda likamkumbusha mwanafunzi wa pwani ya ziwa kitoweo, lakini mgongano huo hauzuii uelewa, na neno lina faida ya kutokuwa na maana nyingine inayolishindania.

Towe la roboti ni pana kuliko towe la kompyuta ya mezani. Linaweza kuwa mwanga wa taa, sauti ya king'ora, maandishi katika kioo au mwendo wa gurudumu. Kwa aina hii ya mwisho inafaa kuwa na jina mahususi la sehemu inayotenda. Kitendeshi, kutokana na tendesha, kinafaa kwa sababu kauli yake ya kutendesha inaeleza ukweli: kifaa hicho husababisha kitu kingine kitende. Mota huzungusha gurudumu, nalo gurudumu huisukuma roboti. Jozi ya kihisi na kitendeshi huonesha kwa umbo lake la ki- na -i kwamba vyote viwili ni vifaa, ilhali ingizo na towe ni vinavyopita ndani ya vifaa hivyo. Tofauti ya kifaa na kipitacho ndiyo ambayo wanafunzi huikosa kwa urahisi zaidi, na hapa mofolojia inaibeba.

Lakini mfuatano wa ingizo, uchakataji na towe, ukichorwa kwa mshale mmoja ulionyooka, haujaieleza roboti kikamilifu. Towe la roboti hubadilisha mazingira, na mazingira yaliyobadilika huwa ingizo jipya. Mduara huo huitwa mrejesho, neno zuri ambalo tayari linatumika katika ufundishaji kwa maana ya maoni yanayomrudia aliyetenda. Mfano unapatikana Kigongo, wilayani Misungwi. Kabla ya Daraja la J.P. Magufuli kufunguliwa Juni 2025, magari yalivuka kwenda Busisi kwa kivuko. Nahodha aliukazia macho mwalo wa ng'ambo, akageuza usukani, akatazama tena chombo kilikoelekea, akasahihisha. Kama angetazama mara moja, akaelekeza chombo na kufumba macho, upepo ungemtupa kando. Kiwanda cha pamba hakina macho ya kutazama tena, nahodha anayo. Roboti iko upande wa nahodha.

7.0 Utaratibu wa Somo Moja

Istilahi hizi zinaweza kuunganishwa katika somo moja hata pale shule isipokuwa na roboti. Kisa kinachofaa kilitokea Mwanza kwenyewe. Mwaka 2018 kampuni za DHL na Wingcopter pamoja na shirika la Ujerumani la GIZ zilikamilisha majaribio ya kupeleka dawa katika kisiwa cha Ukerewe kwa ndege isiyo na rubani. Safari ya takribani kilometa 60 juu ya ziwa ilichukua wastani wa dakika 40, ilhali kwa barabara umbali ni kama kilometa 240. Ndege hiyo ina rafadha zinazoinamishwa, hivyo hupaa wima kama helikopta kisha huruka kama ndege ya kawaida.

Hatua ya kwanza ni jina. Vyombo hivi huitwa droni, ndege nyuki, au ndege isiyo na rubani. Jina la mwisho linataja kinachokosekana. Wanafunzi waulizwe: kama rubani hayupo, kazi zake zimegawanywa kwa nani? Swali hili huwapeleka moja kwa moja kwenye sehemu.

Hatua ya pili ni kuorodhesha kazi za rubani kwa vitenzi: anaona alipo, anajua kimo, anahisi chombo kikiinama, anaamua, anageuza. Kila kitenzi kitafutiwe sehemu. Mahali hupatikana kwa kipokezi cha mawimbi ya setilaiti, kimo kwa kihisi cha kanieneo ya hewa, mwinamo kwa jairoskopu. Uamuzi ni wa kichakataji na programu yake. Kugeuza ni kazi ya mota na rafadha.

Hatua ya tatu ni kutenganisha nishati na taarifa. Betri iwekwe katika safu yake yenyewe, na mwanafunzi aeleze kwa nini haimo katika safu ya vihisi.

Hatua ya nne ni kuandika kanuni kwa -ki- na -sipo-: kimo kikipungua chini ya kiwango kilichowekwa, rafadha zizunguke kwa kasi zaidi, kisipopungua, zibaki na kasi yake. Kisha mwanafunzi aonyeshe kwa mchoro kwamba kasi ikiongezeka, kimo nacho hubadilika, na kipimo kipya hurudi kwenye kichakataji. Hapo mrejesho umeonekana.

Hatua ya tano ni kuhariri. Wanafunzi waandike aya moja ya safari hiyo, kisha wabadilishane karatasi na kupiga mstari chini ya kila kitenzi. Kwa kila kitenzi waulize: nani mtendaji, mtu, kihisi, programu au kitendeshi? Kitenzi kisicho na mtendaji anayejulikana kiandikwe upya.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamependekeza roboti katika upatanisho wa I-ZI, ingizo kwa jina la jumla likiambatana na kitenzi kupokea, kihisi badala ya kitambuzi na sensa, uchakataji unaofafanuliwa kwa -ki- na -sipo-, na jozi ya kitendeshi na towe inayofungwa na mrejesho. Pembejeo, kiwanda na milango ya fahamu zimeonekana kuwa mifano yenye nguvu, kila mmoja ukiwa na mahali pa kuishia, na kuonesha mahali hapo ni sehemu ya kufundisha.

Umuhimu wa jambo hili unavuka darasa la roboti. Mashine zinazopokea taarifa na kutoa maamuzi zinaongezeka katika maisha ya Mtanzania, na maamuzi hayo huelezwa kwa sentensi kama mfumo umekataa. Aliyezoea kuuliza mfumo ulipokea nini, ulifuata kanuni gani na nani aliiandika, hatairidhia sentensi hiyo kirahisi. Kiswahili kina sarufi ya kuuliza maswali hayo. Watunzi wa vitabu vya kiada na wahariri wa istilahi wanaweza kuhakikisha kwamba mtoto wa Misungwi anayapata mapema, kwa lugha anayoimudu.